Neno Lililotafsiriwa Tanga

Kwemtindi,
S.L.P. Mlalo
12 Agosti 1974

Mdogo wangu Timotheo,

Uzima upo, chakula ndicho kinachotafutwa. Mahindi yalifika magotini yakakauka, na maharage ya bondeni tumeyavuna kwa kiganja. Tunakula ule unga wa njano uliotoka Amerika, watu wameubandika jina la unga wa Yanga kwa rangi yake. Klara anasema hata ukiusonga saa nzima hauna adabu. Watoto wanaula hivyo hivyo.

Sasa sikiliza. Ijumaa redio ilisema Rais wa Amerika amejiuzulu kwa sababu bunge lake lilikuwa linataka kumshtaki na kumwondoa. Mimi nikasikia nikaendelea na kazi zangu. Kumbe darasa langu la watu wazima nao wamesikia. Jumamosi nimeingia na chaki, nataka kufundisha herufi za mwambatano, Hadija akanyoosha mkono. Unamjua Hadija, yule mama wa kabichi pale gulioni, mwaka jana alikuwa anatia dole gumba, leo anasoma gazeti kwa sauti mpaka majirani wanamkoma. Akauliza: mtu mkubwa kama yule anashtakiwaje? Nani anamkamata shati?

Mwalimu mzima, miaka kumi na moja kazini, na hilo sijawahi kulisoma. Nikawaambia nitawaletea historia yake kamili, maana sikutaka aibu. Wewe umekaa na wazungu ukasoma Kiingereza, na hapo ofisini kwenu serikalini Tanga kuna vitabu. Niandikie ilianza wapi, inakwendaje, nani wameondolewa. Andika Kiswahili cha kueleweka, siyo kile cha makarani wenzako.

Ni mimi kaka yako,
Fanueli


Tanga
21 Agosti 1974

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka Secilia, mpiga chapa wetu, akaniuliza kama nina homa. Wewe na Hadija mtanimaliza.

Nimekutafutia. Mambo haya yalianza Uingereza, miaka mia sita iliyopita. Wabunge walikuwa hawawezi kumgusa mfalme, basi wakawa wanawashtaki mawaziri wake. Baraza la chini linaandika mashtaka, baraza la juu la mabwana linakaa kama mahakama na kuhukumu. Mfalme mwenyewe hakuwa na wa kumshtaki kwa njia hiyo. Yuko mmoja waliyemkata kichwa, lakini huyo aliundiwa mahakama ya peke yake, usiwachanganyie wanafunzi.

Waamerika walipojitawala waliichukua njia ile wakasema hata mkuu wa nchi aingie humo. Baraza moja linamshtaki, jingine linamsikiliza. Anasomewa makosa yake moja moja. Anawekewa mawakili. Mashahidi wanaapa. Kumwondoa lazima wakubali theluthi mbili. Mwaka 1868 mmoja alishtakiwa akaponea chupuchupu, ilipungua kura moja tu. Huyu wa juzi hakungoja kura, aliona maji yamefika shingoni akaondoka mwenyewe.

Ndiyo hivyo. Neno lenyewe kwa Kiingereza ni moja, kwa Kiswahili sijaona neno moja linalolibeba. Sema tu kumshtaki mkuu wa nchi ili aondolewe.

Kaka, fundisha ya Amerika uishie Amerika. Nakujua ukishika chaki.

Msalimie shemeji Klara na watoto.

Mdogo wako,
Timotheo


Kwemtindi
8 Septemba 1974

Timotheo,

Marahaba. Barua yako nimeifundisha jana na sijawahi kupata somo kama lile. Watu thelathini na wanne, wengine wamesimama dirishani. Niliwagawa darasa: upande wa mlango baraza la chini, upande wa ubao baraza la juu. Issa fundi cherehani alikuwa Rais. Tulimshtaki kwa kuharibu suruali za watu, akapewa wakili, na wakili wake alikuwa Hadija. Alimtetea mpaka akashinda. Watu walicheka, na wewe unajua mwaka huu kicheko ni cha kutafuta kwa tochi.

Mwishoni wakauliza swali la maana: yule wa Amerika kosa lake hasa nini? Nikasema alificha mambo, alidanganya, alitumia cheo vibaya. Naona hawajaridhika. Kwao kudanganya ni kosa la mtoto. Nikatafuta Kiswahili kikanikimbia, nikaingia Kishambaa. Nikasema huko kwao walimwona mtu wa kubana shi.

Timotheo, wote waliweka kalamu chini. Kama ningesema kwa Kiswahili kwamba aliharibu nchi, wangeandika wakaenda nyumbani. Lakini kubana shi hawakufundishwa na mimi. Hilo walizaliwa nalo: mtawala anayeikosea nchi mpaka mvua inazuilika na watoto wanalala njaa. Mama mmoja akachungulia nje akatazama mbingu. Mwingine akasema polepole, basi na huku kwetu mwaka huu shi imebanwa. Hadija akauliza: "Mwalimu, na sisi wa kwetu akikosea, tunamshtaki wapi?"

Nikasema sijui, nitauliza. Basi ndiyo nakuuliza wewe. Katiba yetu inasemaje?

Tobia, katibu wa kijiji, alikuwa amekaa nyuma anaandika. Ni Mbondei wa Muheza, Kishambaa anakisikia nusunusu, akaniuliza lile neno linaandikwaje. Nikamwandikia ubaoni. Nimefurahi kuona hata viongozi wanapenda kujifunza.

Kaka yako,
Fanueli


Tanga
17 Septemba 1974

Kaka,

Shikamoo. Barua hii ni fupi na usimsomee mtu.

Ile historia niliyokuandikia, ichome. Siyo kuficha darini, ichome moto. Karatasi ni ya ofisi na mwandiko ni wangu. Lile neno usilitaje tena darasani wala kilabuni wala kanisani. Wakikuuliza, sema ulikuwa unaeleza ya Amerika ukateleza ulimi.

Kuhusu katiba, sijasoma. Usiniulize tena.

Timotheo


Kwemtindi
4 Oktoba 1974

Shemeji Timotheo,

Mimi ni Klara. Naandika mwenyewe, unisamehe mwandiko.

Kaka yako amechukuliwa. Walikuja Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, watu watatu na gari. Alikuwa anapalilia viazi na viatu vya matope. Wakamwambia ni maswali machache tu, atarudi jioni. Mpaka leo sijamwona. Nimekwenda Lushoto mara mbili kwa miguu mpaka njia panda na basi kutoka hapo, wanasema hayupo, amepelekwa mbele. Mbele wapi, hakuna anayejua.

Siku tatu kabla yake nilimkuta jikoni anachoma karatasi. Nikamuuliza, akasema ni upuuzi wa siku nyingi.

Tobia nimemfuata mpaka mlangoni kwake. Anasema yeye alipeleka neno tu, kama alivyolikuta ubaoni, hajui maana yake. Anasema neno lilipelekwa Tanga, huko kuna mtu akalitafsiri, na tafsiri iliporudi ndiyo wakubwa wakashtuka. Wanasema mume wangu alifundisha watu kwamba Rais wetu ndiye aliyeleta njaa na aondolewe. Hakusema hivyo, shemeji. Mimi nilikuwepo, nilikaa benchi la pili na mtoto mgongoni.

Sasa nakuomba. Wewe uko Tanga, ndani ya ofisi zenyewe. Mtafute huyo aliyetafsiri. Pengine ni mtu wa mbali, hakijui Kishambaa sawasawa, amebahatisha. Mkalishe chini umweleze. Wewe ni msomi na ni mtu wa huku, utamwelewesha. Sina mwingine wa kumwambia.

Hadija ameitwa mara mbili kuandika maelezo, amekataa kusaini kitu asichokisema. Amewaambia sasa anajua kusoma.

Mimi shemeji yako,
Klara


Tanga
15 Oktoba 1974

Shemeji Klara,

Shikamoo. Nimepata barua yako. Pole sana, pole na watoto.

Hilo la tafsiri ni gumu kulifuatilia. Karatasi hupita mikono mingi, na aliyeandika hajulikani kwa jina. Nitauliza polepole, maana ukiuliza kwa pupa unaharibu. Nawe usimuulize tena Tobia. Na usimtaje mtu yeyote wa Tanga ukihojiwa, hata mimi, isije ikaonekana tunapanga njama. Nikitulia hapa kazini ndiyo nitaweza kusaidia.

Nimempa utingo wa basi sukari kilo mbili na sabuni ya mche. Mkazane kusali.

Timotheo


Bila mahali
1 Desemba 1974

Timotheo,

Barua hii anatoka nayo Silvano, Mkatoliki wa Gare, ambaye kesho anaachiwa. Hajui kilichomo. Nimeandika kwa kalamu ya risasi niliyoazima, kwa hiyo usome mpaka mwisho hata pale ilipofifia.

Nakohoa. Tumelala wengi sakafuni na maji yanaingia mlangoni. Lakini sikuandiki kwa ajili ya kikohozi.

Wiki iliyopita afisa mmoja alinisomea tafsiri. Nimeisikia mara moja tu na nimeishika yote: "Kubana shi: kuiua nchi kwa makusudi kwa kuzuia mvua. Husemwa juu ya mtawala anayestahili kuondolewa."

Sehemu ya kwanza ni sawa, ningeandika hivyo hivyo. Sehemu ya pili si Kishambaa. Mama yetu amelitaja neno hilo mara ngapi na hakuna siku aliyoongeza kuondolewa. Hilo la kuondolewa limetoka kwenye historia ya Amerika, na huko Tanga mwenye historia ile na Kishambaa pia ni wewe tu. Nilipoisikia nikajua nimekaa na mdogo wangu chumba kimoja.

Kwa nini uliongeza, Timotheo? Hakuna aliyekuomba. Wamekupa neno moja, ungewapa neno moja. Nimeumia, nakuambia wazi, nimeumia kuliko siku waliponipiga.

Wameniuliza historia nimeitoa wapi. Nimesema redioni. Wameuliza mara nyingi na kwa namna nyingi, na mimi nimesema redioni.

Sasa shika hili. Afisa huyu si mtu mbaya, ni wa Musoma, Kishambaa hajui hata salamu. Ameniambia faili langu lote limesimama juu ya mstari ule mmoja. Nikipata mtu mmoja mwenye kazi ya serikali, anayejua lugha zote mbili, aje asaini kwamba neno lile halina maana ya kuondoa mtu, ataliandikia lifungwe nirudi nyumbani. Mtu mmoja tu. Sijamtajia jina lako na sitalitaja. Lakini mwenyewe unaweza kuja. Huhitaji kusema kwamba ndiwe uliyeandika mwanzo, sema tu umeona makosa.

Yule Rais alisomewa mashtaka yake hadharani na akapewa mawakili. Mimi sitaki mawakili. Nakutaka wewe kwa nusu saa.

Njoo kabla ya mwaka mpya, kifua hiki sikiamini.

Kaka yako,
Fanueli


Tanga
6 Januari 1975

Shemeji Klara,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nimesikia umeruhusiwa kwenda kumwona mwisho wa mwezi. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine iliyofungwa. Ni ya kaka. Mpe mkononi mwake mwenyewe na tafadhali usiifungue. Ni mambo ya kiume, ya shamba la baba.

Timotheo


Tanga
6 Januari 1975

Kaka Fanueli,

Shikamoo. Sijui kama una hamu ya kuiitikia.

Ni mimi. Nilikuwa nimejipanga kukataa, nikaandika kurasa tatu za kukataa, nikazichana.

Karatasi ililetwa mezani tarehe 16 Septemba, ile siku moja kabla sijakuandikia uchome. Mkubwa wangu alisimama nyuma ya kiti changu. Akasema, wewe ni wa huko huko Mlalo, na mwalimu huyu mna jina moja la ukoo, ni nani wako? Nikasema ukoo wetu ni mkubwa. Nimekukana hapo hapo, kaka, kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu nikaandika tafsiri. Nilipomaliza mstari wa kwanza bado alikuwa amesimama. Nikaogopa ataona nimeilainisha. Secilia ni mtu wa Bumbuli, anaijua lugha, angeweza kuulizwa. Nikaongeza ule mstari wa pili ili nionekane sina cha kuficha. Alinipiga begani akaondoka. Mwezi wa Novemba nikapandishwa cheo.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nisingeiandika mimi angeiandika mwingine. Si kweli. Mwingine asingejua cha kuongeza.

Nitakuja kusaini. Nakuapia kwa kaburi la baba. Ila nivumilie kidogo, mwezi huu wanahakiki vyeo vya watumishi wote, na nikitaja faili lako sasa tutakamatwa wawili na watoto wako watakosa hata hii sukari. Mwezi ujao mambo yakishatulia nitaomba likizo nipite kwa afisa wako moja kwa moja. Ni wiki tano tu. Jikaze, vaa lile koti zito, kunywa maji ya moto.

Usimwambie Klara.

Mdogo wako,
Timotheo


Kwemtindi
29 Januari 1975

Timotheo,

Bahasha yako nimeipata Posta ya Mlalo Jumanne, tarehe 21. Tulikuwa tumemzika Fanueli wiki moja kabla, na wewe ulikuwepo.

Nimeifungua. Uliniambia nisiifungue, lakini mwenye kuifungua hayupo.

Nimehesabu siku. Uliiweka posta tarehe 6. Kaka yako alikata roho tarehe 11. Tarehe 13 ukashuka kwenye basi umevaa suti nyeusi. Ulibeba jeneza upande wa kichwa. Mchungaji alipouliza nani ataongea kwa niaba ya ukoo ulisimama wewe, ukasema kaka yetu alisemewa uongo na watu wasiojulikana. Watu walilia. Mimi nililia. Ulikula makande nyumbani kwangu siku nne, mtoto wangu mdogo analala mapajani mwako, na muda wote ulijua kuna barua iko njiani inakuja. Kila Shabani wa posta alipopita ulikuwa unatoka nje. Nilidhani ni uchungu.

Ukaondoka tarehe 17 kabla haijafika. Sijui kama uliomba Mungu ipotee.

Sina maneno mengi, wala sikujibu kwa hasira. Hasira imeniishia ile siku ya kwanza nilipoisoma mara ya tatu. Nataka ujue mambo yalivyo. Silvano alikuja kunipa pole, akaniambia aliyosimuliwa na wenzao walioachiwa baada yake, kwamba ile Desemba yote Fanueli alikuwa kila gari likiingia anauliza ni la kutoka Tanga. Alikuwa amevaa tayari, amefunga na shuka. Wenzake walimcheka wakasema unamngoja nani, akasema nina mdogo wangu, ana shughuli nyingi lakini atafika. Mwaka mpya ulipopita akaacha kuuliza. Siku kumi na moja baadaye alikufa.

Wewe uliomba wiki tano.

Watoto wa shule wanawaita wanangu watoto wa mwalimu wa uchochezi. Mkubwa, Jenoveva, ameambiwa jina lake halitapelekwa sekondari mpaka faili la baba yake lieleweke. Tobia ameniambia faili halifi na mtu. Kwa hiyo karatasi yako bado inafanya kazi, huko ilipo, leo ninapoandika.

Nimemwonyesha Hadija barua zako zote, pamoja na ile aliyotoka nayo Silvano, uliyoisahau ndani ya Biblia hapa kwangu. Alitaka kuzipeleka kwa wakubwa siku ile ile. Nimemzuia. Nikizipeleka mimi watasema ni mjane ana uchungu, na wewe utasema mwandiko si wako. Nimekujua sasa.

Nenda kaandike mwenyewe. Mstari wa pili si kweli, uliongeza, na historia ya Amerika uliipeleka wewe kwa karatasi ya ofisi. Andika hayo, tia jina lako lote pamoja na la ukoo, umpe huyo afisa wa Musoma. Najua watakachokufanya. Fanueli alikijua pia, ndiyo maana alisema redioni.

Shikamoo zako ziko hapa mezani, mbili, ya Oktoba na ya Januari. Ya Oktoba niliiitikia moyoni, naifuta. Nitakuitikia siku nitakaposikia umeandika. Kabla ya hapo ukija hapa utapewa maji kama mgeni yeyote, utakunywa, na watoto hawatakuamkia.

Klara